Kijana tajiri aliyesukuma mkokoteni: maisha ya Mtakatifu Pier Giorgio Frassati



Leo nataka tumwongelee mtakatifu ambaye wengi wenu picha yake mnayo kwenye simu. Ni yule kijana wa Kiitaliano mwenye kiko mdomoni, au yule aliyesimama kwenye mwamba na fimbo ya kupandia milima, anacheka. Pier Giorgio Frassati. Alifariki akiwa na miaka 24, na Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, siku moja na Carlo Acutis. Carlo tunamjua kwa kompyuta, Pier Giorgio tunamjua kwa milima.

Lakini nimesoma maisha yake taratibu, na kwa maoni yangu zile picha za milimani zinaficha nusu ya mtu. Huyu kijana alikuwa na kadi ya chama cha siasa. Alikamatwa na polisi. Alipambana kwa mikono yake na watu waliovamia nyumba yao. Aliandika barua ya kujiuzulu katika umoja wa wanafunzi Wakatoliki kwa sababu ya bendera moja tu. Na mambo yote hayo aliyafanya akiwa ametoka kupokea Komunyo asubuhi.

Nayasema haya kwa sababu nawasikia wenzangu, hata katika VIWAWA ya parokia yetu, wakigawa mambo kama mtu anayepanga sahani: hapa sala, pale matendo ya huruma, na siasa tuwaachie wengine, eti ni mchezo mchafu. Pier Giorgio hakuwa na sahani tatu. Hebu tumfuate tangu mwanzo.

Alizaliwa Torino, kaskazini mwa Italia, tarehe 6 Aprili 1901, Jumamosi Kuu. Baba yake, Alfredo Frassati, alikuwa mtu mkubwa. Ndiye aliyelianzisha gazeti la La Stampa, ambalo linachapishwa mpaka leo, akawa seneta, na baadaye akawa balozi wa Italia huko Berlin. Kwa upande wa dini baba hakuwa na imani. Mama yake, Adelaide, alikuwa mchoraji. Alienda kanisani, lakini alifanya hivyo zaidi kwa mazoea, na mtoto anayesali sana alimtia wasiwasi. Tena wazazi hawa hawakuelewana. Pesa ilikuwepo, heshima mjini ilikuwepo, ila mezani watu walikula kimya. Kwa hiyo msifikiri alilelewa kwenye nyumba ya Rozari kila jioni. Mwenzake wa karibu alikuwa dada yake Luciana, aliyekuwa mdogo wake kwa mwaka mmoja na kidogo.

Inasimuliwa kwamba akiwa mtoto mdogo alifungua mlango akamkuta mama ombaomba na kijana wake asiye na viatu. Akavua viatu vyake, akampa yule mtoto, akafunga mlango haraka kabla watu wa nyumbani hawajaona. Napenda hapo kwenye kufunga mlango haraka. Tangu utotoni alijua kwamba wema wake nyumbani ungeleta maneno.

Shuleni hakuwa mtu wa kung'aa. Alifeli Kilatini, ndipo akapelekwa shule ya Wajesuiti, na huko ndiko jambo kubwa la maisha yake lilikoanzia. Mwaka 1905 Papa Pio X alikuwa ametoa ruhusa na kuwahimiza waamini wapokee Komunyo mara kwa mara, hata kila siku, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida. Pier Giorgio alilishika. Kuanzia ujana wake mpaka wiki aliyougua, alipokea Komunyo karibu kila siku, na usiku mwingine aliutumia kuabudu Ekaristi Takatifu. Ukitaka kujua injini ya huyu mtu ilikuwa wapi, ilikuwa hapo.

Mwaka 1918 akajiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Kwetu hiki chama mara nyingi ni cha wazee wetu, na kazi wanayofanya wengi wetu hatuijui. Utaratibu wake ni mwepisi kuueleza na mgumu kuutekeleza: mnakutana kila wiki, mnasali, mnagawana familia maskini, halafu mnawaendea nyumbani kwao. Maskini haji kupanga foleni kwako, wewe ndiye unayepanda ngazi zake, unakaa kwenye kigoda chake, unanusa harufu ya chumba chake. Torino ya wakati ule ilikuwa imetoka kwenye vita vya kwanza vya dunia. Kulikuwa na majeruhi, wajane, wafanyakazi waliofukuzwa viwandani, familia zilizotolewa nje kwa kushindwa kodi.

Basi, mtoto wa seneta akawa anabeba vitu vya watu. Familia ikifukuzwa kwenye chumba, Pier Giorgio anatafuta mkokoteni, anapakia kitanda na masufuria yao, anausukuma mwenyewe katikati ya mji ambao kila mtu mwenye cheo alimjua baba yake. Rafiki zake wakambatiza jina la kampuni: Frassati Shirika la Usafirishaji. Yeye akacheka nao. Alikuwa mtu wa utani sana, jamani, wala msimfikirie kama sanamu. Alikuwa na kikundi cha washikaji waliojiita watu wa kutilia shaka, kila mmoja na jina lake la kuchekesha, na la kwake lilikuwa Robespierre, yule mwanamapinduzi wa Ufaransa.

Pesa za mfukoni nyumbani hazikuwa nyingi, maana wazazi walikuwa wagumu katika hilo. Kwa hiyo alisafiri treni daraja la tatu ili tofauti ya nauli iende kwa mtu, na mara nyingi nauli ya tramu iliishia mkononi mwa mwingine, naye akakimbia kwa miguu asichelewe chakula. Akichelewa anagombezwa. Hakujitetea. Nyumbani walimwona kijana mzuri lakini mzito kidogo, asiye na mwelekeo.

Chuoni alichagua uhandisi, upande wa migodi. Sababu yake inanigusa sana. Wachimbaji wa migodini ndio waliokuwa na kazi mbaya kuliko wote, chini ya ardhi, kwa ujira mdogo, na yeye alitaka kuwa mhandisi wao, awe pamoja nao kule chini. Wengine walidhani angekuwa padre. Yeye aliona kwamba mlei anaweza kukaribia watu kuliko padre, hasa katika Italia ya siku zile ambako wafanyakazi wengi walikuwa wamelichukia Kanisa. Baadaye, mwaka 1922, akawa mwanachama wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Dominiko, yaani mlei anayeishi karama ya Wadominiko akiwa katika shughuli zake za kila siku, na akachukua jina la Girolamo, kwa kumkumbuka Girolamo Savonarola, mhubiri aliyewakemea wakubwa wa Firenze hadharani. Chaguo la jina hilo linasema mengi.

Sasa tufike kwenye nusu ile inayofichwa.

Alipokuwa akipanda zile ngazi za maskini, alianza kuona kwamba mkate anaoupeleka Ijumaa unaisha Jumamosi. Unampa baba wa watu sita kilo za unga, sawa, lakini nani alimfukuza kazi? Sheria gani inamlinda? Papa Leo XIII alishaandika waraka wake Rerum Novarum mwaka 1891 kuhusu haki za wafanyakazi, mshahara unaotosha familia na haki ya kuunda vyama. Pier Giorgio aliusoma waraka huo kama kitu cha kutekelezwa. Kwake, kumtembelea mgonjwa na kutafuta sheria iliyo nzuri zaidi zilikuwa kazi mbili za upendo uleule.

Mwaka 1919 padre mmoja wa Sisilia, Luigi Sturzo, alianzisha chama cha siasa kilichoitwa Partito Popolare, chama cha wananchi kilichosimama juu ya mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii. Katika uchaguzi wa mwaka uleule kilipata viti 100 bungeni. Pier Giorgio alijiunga nacho mwaka 1920. Angalieni jambo hili: baba yake alikuwa mwanasiasa wa kambi nyingine, ya kiliberali, mwenye gazeti kubwa. Kijana hakumtukana baba, hakuhama nyumbani, ila kadi ya chama alichukua aliyoiona sawa mbele ya dhamiri yake.

Chuoni hali haikuwa nyepesi. Kulikuwa na wanafunzi waliochukia dini waziwazi. Siku moja alibandika kwenye ubao tangazo la kuabudu Ekaristi usiku, kundi likaja kulichana, akasimama mbele ya ubao kulilinda peke yake. Walikuwa wengi, walilichana. Ndo hivyo, si kila mara tunashinda.

Septemba 1921 vijana Wakatoliki wa Italia walikutana Roma. Askari wakawazuia, wakavamia maandamano yao na kuwanyang'anya bendera. Pier Giorgio aliing'ang'ania ya kikundi chake kwa mikono miwili huku akipigwa. Akakamatwa pamoja na wenzake. Ofisa alipouliza majina na kazi za wazazi, akasikia kwamba huyu ni mtoto wa balozi wa Italia nchini Ujerumani. Sura ikabadilika mara moja. Akaambiwa anaweza kwenda. Akakataa kutoka kama wenzake hawatoki.

Nimekaa sana na kisa hiki. Sisi tunajua vizuri nguvu ya kusema mimi ni mtoto wa fulani, au kupiga simu moja kwa mjomba aliyeko ofisini. Foleni inafunguka, jalada linapatikana. Pier Giorgio alikuwa na hiyo simu maisha yake yote, na kwa ajili yake mwenyewe hakuipiga.

Oktoba 1922 Mussolini na Wafashisti wake waliingia madarakani. Baba yake, Alfredo, akajiuzulu ubalozi, na hapo nampa heshima yake: mtu asiye na imani lakini mwenye msimamo. Jambo lililomuumiza Pier Giorgio zaidi ni kuona baadhi ya viongozi wa chama chake mwenyewe wakikubali kukaa katika serikali ya Mussolini. Vijana Wafashisti walikuwa wakizunguka na marungu, wakichoma ofisi za vyama vya wafanyakazi na kuwapiga watu, Wakatoliki wakiwemo. Agosti 1923 walimuua padre Giovanni Minzoni, paroko wa Argenta, kwa kumpiga, kwa sababu alikuwa akiwalea vijana wa parokia yake nje ya mikono yao.

Miezi miwili tu baadaye Mussolini akaja Torino. Umoja wa wanafunzi Wakatoliki wa chuo, Circolo Cesare Balbo, ambao Pier Giorgio alikuwa mwanachama wake, ukatundika bendera yake nje ya roshani kumheshimu mgeni. Labda waliona ni adabu ya kawaida kwa kiongozi wa serikali. Labda waliogopa. Pier Giorgio alimwandikia kiongozi wa umoja barua ya kujiuzulu. Bendera ileile aliyoiona kuwa alama ya imani yao, na ambayo vijana kama yeye waliipigania mbele ya askari, haikupaswa kupepea kwa mtu ambaye wafuasi wake walikuwa wanaua mapadre na kuwapiga wafanyakazi. Kumbuka kwamba hawa walikuwa rafiki zake, watu wa sala pamoja. Kuwapinga Wafashisti barabarani ilikuwa rahisi kuliko kuwaandikia hivyo wenzake, ndivyo ninavyoona mimi.

Juni 1924, wakati Italia nzima ilikuwa imetikiswa na kuuawa kwa mbunge Giacomo Matteotti, genge la Wafashisti liliingia kwa nguvu nyumbani kwa akina Frassati Torino, saa ya chakula, kumtia adabu mwenye gazeti. Wakaanza kuvunja vioo. Pier Giorgio alikuwa mezani na mama yake. Aliinuka, akamkabili mmoja, akamnyang'anya rungu, akawakimbiza mpaka nje. Habari ile ilifika magazeti ya nje ya nchi. Yeye mwenyewe hakuipa uzito, na jioni yake ilikwenda kama kawaida.

Milima ilikuwepo, ndiyo, na aliipenda kwelikweli. Alipanda na rafiki zake, wavulana kwa wasichana, na kabla ya kupanda lazima Misa kwanza, ikibidi alfajiri kabisa. Kulikuwa pia na msichana, Laura Hidalgo, katika kundi hilo. Alimpenda, hakumwambia. Ndoa ya wazazi wake ilikuwa karibu kuvunjika, familia yao isingemkubali binti wa hali ya kawaida, na hakutaka kujenga nyumba yake juu ya kubomoka kwa ile ya wazazi. Katika jambo hili sijui kama ningeweza kufuata mfano wake, lakini ndivyo alivyoamua, na ilimgharimu.

Halafu likaja la kazi. Mwaka 1925 alikuwa amebakiza mitihani miwili tu kumaliza chuo. Baba aliamua kwamba kijana aingie kwenye uongozi wa La Stampa. Tena hakumwambia uso kwa uso, alimtuma mtu wa gazetini. Migodi, wachimbaji, ndoto yote ile. Pier Giorgio aliuliza kama hilo lingemfurahisha baba yake. Alipoambiwa ndiyo, akakubali.

Mwisho wa Juni akaanza kuumwa kichwa na mgongo. Nyumbani hakuna aliyemtazama, kwa sababu bibi mzaa mama alikuwa anakufa katika wiki ileile, na macho ya wote yalikuwa kwake. Mama alimlaumu kwamba siku anayohitajika ndiyo siku hawezi kusaidia. Alianguka kwenye ujia akijaribu kwenda kumwombea bibi, akainuka, akaanguka tena. Ulikuwa ni ugonjwa wa polio, na inadhaniwa aliupata kwenye vyumba vya wagonjwa aliowatembelea. Walipoelewa, dawa ikaagizwa haraka kutoka Paris, kwenye taasisi ya Pasteur. Ilikuwa imechelewa.

Ijumaa tarehe 3 Julai, siku yake ya kawaida ya kuwatembelea maskini, mwili ulikuwa umepooza karibu wote. Akamwomba dada yake alete koti lake. Mfukoni mlikuwa na karatasi ya rehani ya maskini mmoja aliyeweka kitu chake ili apate pesa, na muda wa kuikomboa au kuiongeza ulikuwa unakaribia. Kulikuwa pia na boksi la sindano za mgonjwa mwingine. Kwa mkono uliokuwa unakataa kumtii, aliandika kikaratasi kwa mwenzake wa Chama cha Vinsenti: sindano ni za nani, rehani ni ya nani, na kwamba rehani iongezewe muda kwa gharama yake mwenyewe. Herufi zimepinda mno, lakini zinasomeka. Kesho yake jioni, Jumamosi tarehe 4 Julai 1925, alifariki.

Mazishi yalifanyika tarehe 6. Familia ilitegemea watu wa aina yao: maseneta, waandishi, wafanyabiashara, marafiki wa baba. Walikuja. Lakini walipotoka na jeneza, barabara ilikuwa imejaa watu ambao hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuwaona. Wajane, vilema, wafanyakazi wa viwandani, watoto, wazee wa vyumba vya juu kabisa. Maelfu. Walisukumana wapate kuligusa jeneza. Alfredo Frassati, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujua kila kinachotokea Torino kabla ya wengine, alisimama akitazama mji ambao gazeti lake halikuwahi kuuandika, na mwenyeji wake alikuwa mtoto wake.

Na mshangao ulikuwa wa pande zote mbili. Wengi wa wale maskini walimjua kwa jina dogo tu, kijana anayekuja na dawa na kuni. Siku ile ndipo walipotambua kumbe ni wa akina Frassati, wale wa gazeti. Ndio wao waliokwenda kumwomba askofu mkuu wa Torino aanzishe mchakato wa kumtangaza mtakatifu, na mchakato ukafunguliwa mwaka 1932, Wafashisti wakiwa bado madarakani. Wakati huo baba yake alikuwa ameshalazimishwa kuuza La Stampa, na Partito Popolare kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 1926.